Vibati Nilivyovikunja

Lemein, fundi wetu wa kuchomelea, alifika kwangu Kitengela Jumapili baada ya kanisa, akivuta kondoo jike kwa kamba. Kwa ploti ya kupanga, jamani! Watoto wa ghorofa zote walishuka kumwangalia. Mimi nilisimama mlangoni, bandeji mpaka kwa kiwiko, nikitamani ardhi inimeze.

"Pole, Madam," alisema. "Ni mshono wangu ulikuunguza. Kwetu ukimuumiza mtu unampelekea kondoo, na mafuta yake ni dawa ya kidonda cha moto. Kuanzia leo tunaitana Pakerr, watu wa kondoo mmoja. Hiyo Madam imeisha."

Pakerr! Na injini ilipasuka kwa sababu yangu mimi, Naliaka, injinia mzima.

Injini yenyewe, ya ndege ndogo isiyo na rubani, ni bomba la chuma tu. Hewa inaingia mbele kwa kasi. Mafuta ni plastiki ngumu iliyobanwa ndani, na tundu katikati, inaungua kuanzia ndani kwenda nje. Kazi yangu ni vibati vya mdomoni, vile vinavyozungusha hewa ili moto usizimike. Ukivikunja zaidi, hewa inazunguka kwa nguvu, moto unakumbatia ukuta na plastiki inaliwa haraka. Otiende, mkubwa wetu, alikataza tusiviguse mpaka tupate bomba nene.

Lakini moto ulikuwa ukizimika kila tukijaribu, na mimi subira sina. Siku ile kule Isinya, tunakojaribia injini, niliwahi kufika kabla ya wenzangu, nikavikunja kwa koleo. Kompresa ikapuliza, injini ikanguruma vizuri ajabu, nami nikasogea kuiangalia, mjinga mimi. Plastiki ikaisha upande mmoja, chuma kikawa chekundu, bomba likafunguka palepale Lemein alipochomelea.

Kila mtu aliona mshono. Vibati vilikuwa vimeyeyuka, nani angeviuliza? Otiende alimfokea Lemein mbele ya watu na kumfukuza. Mimi nilishika mkono wangu, nikalia, nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunaniuma kuliko mkono.

"Ingia unywe chai," nilimwambia. Nilishindwa kulitamka lile jina.

Alikaa, akatabasamu. "Hata wateja wa mageti wamenikimbia, Pakerr. Wanasema nitawalipua. Kesho nauza mashine ya kuchomelea, nirudi kwetu Mashuuru nichunge."

"Usiuze!" Nilipiga kelele mpaka kikombe kikamwagika. "Mshono wako haukuwa na makosa. Ni mimi nilikunja vibati, Lemein. Niliambiwa nisiviguse, nikavigusa. Moto ukatoboa pale. Chuma chekundu hivyo hakuna fundi angekizuia."

Nilimpigia Otiende papo hapo, simu kwa spika, nikarudia yote, jasho likinitoka. Otiende alinitukana vilivyo, kisha akasema Lemein arudi kazini kesho. Mimi nisikanyage huko.

Lemein alimaliza chai polepole. Nilimwomba amchukue kondoo wake.

"Kondoo akishatolewa harudi," alijibu. Aliiweka kamba kwenye mkono wangu mzima, akavaa kofia yake, akafungua mlango.

"Asante ya chai, Madam," alisema.