Mkulima wa Majaribio

Bibi mmoja asiyetarajiwa alipiga hodi kwenye ofisi ya mradi wa miche, Wawi, Jumatano asubuhi. Alikuwa na mapakacha mawili matupu mkononi, na vumbi lilikuwa limempanda hadi vifundoni.

"Karibu bibi, shikamoo," alisema Buthaina, akiinuka kumpisha kitini.

"Marahaba mwanangu. Mie Mwanapili Khatib, wa Kisiwa Panza. Sheha kanisoma kwenye orodha, miche ishirini ya mikarafuu. Nimekwenda bustanini, jina wameliona ila kadi yangu ya usajili hawaioni. Wananambia nije kwenu."

Jina hilo Buthaina alilijua vizuri, kwa sababu alilibuni yeye mwenyewe.

Tangu amalize chuo, miezi minane sasa, alikuwa akiandika programu ya mradi wa miche: mkulima anasajiliwa, anaomba, orodha inachapwa na kupelekwa kwa masheha, viongozi wa mitaa, wawasomee watu. Ili kuhakikisha programu haikosei, alikuwa ameandika na majaribio, yaani programu ndogo zinazoijaribu ile kubwa. Kila jaribio lilimsajili mkulima wa uongo, likamwombea miche, likaangalia jibu, kisha likamfuta. Mkulima huyo alihitaji jina. Mwengine angemwita Mtu wa Kwanza, lakini Buthaina aliona vibaya kumfanyia kazi mtu asiye na jina la kibinadamu. Akaandika Mwanapili, akaongeza Khatib, akamkalisha Kisiwa Panza. Hakufikiri kwamba ndani ya Pemba huwezi kuokota majina mawili ya watu ukayaunganisha, yakakosa mwenyewe.

Alimweleza bibi yote, bila kupunguza. Ridha, mwenzake wa meza ya pili, aliinamia kompyuta yake mabega yakimtikisika.

"Kwa hivyo mie mtu wako wa kubuni," alisema Bi Mwanapili.

"Jina tu, bibi."

"Na mashimo ishirini niliyochimba, nayo ya kubuni?"

Ridha alitoka nje kwenda kucheka.

"Haya, mbona hukunifuta?" bibi aliuliza.

Buthaina alifungua kumbukumbu za siku ile orodha ilipochapwa. Mtandao ulikuwa umekatika jaribio likiwa katikati. Likaanguka hatua ya tatu, na kufuta kulikuwa hatua ya mwisho kabisa, kwa hivyo hakukufikiwa, na jina likachapwa pamoja na ya kweli. Kibaya zaidi, yeye mwenyewe alikuwa ameliamuru jaribio linyamaze likipata kosa, kwa sababu bosi wao, Bwana Hamzah, alipenda kuona kwenye skrini kijani kitupu, rangi ya jaribio lililofaulu. Kosa lilitokea, likamezwa, na kijani kikawaka.

"Nilipanga kusafisha mwisho, kazi ikishakwisha salama," alisema. "Haikwisha salama."

Bi Mwanapili aliweka mapakacha chini.

"Mie ndiye niwekaye masufuria ya shughuli ya kina mama kwetu. Mtu akija kuazima, simuulizi anapika nini. Namuuliza nani ataosha. Mwaka juzi harusi imevunjika wali uko motoni, bwana harusi kakataa kuja. Watu wametawanyika wanalia. Masufuria yameoshwa vilevile, kwa sababu waoshaji niliwaweka kabla moto haujawashwa, na si wao waliokuwa wakipika."

Buthaina aliyapanga maneno hayo juu ya kazi yake. Yeye alikuwa amemwachia mpishi aoshe, na mpishi alipozimia jikoni, vyombo vikabaki.

Akamsajili bibi palepale, safari hii mwenyewe yupo na kitambulisho chake, kwa orodha ya msimu ujao. Bi Mwanapili alishukuru, lakini hakuinuka.

"Miche nitaisubiri. Kwenye mashimo nitatia mihogo. Tabu yangu maneno. Tangu jina langu lisomwe, majirani wanasema nimepita mlango wa nyuma. Leo nikirudi mikono mitupu watasema nimekamatwa na kadi ya mtu mwengine. Jumamosi asubuhi kina mama tunakutana barazani kwangu. Njoo useme wewe. Sitaki barua wala simu, mdomo wako."

"Nitakuja, bibi."

Mchana ule na kutwa ya Alkhamisi alifanya kazi kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa muda. Usafi aliutoa ndani ya majaribio akauweka peke yake, uamrishwe kabla ya jaribio kuanza, na ufanyike liwe limefaulu au limeanguka. Makosa yaliyokuwa yakimezwa aliyaachia yatoke na kusema yalikotokea. Wakulima wa uongo akawapa majina ambayo hakuna mama angempa mwanawe: Jaribio Moja, Jaribio Mbili. Alipopitisha ufagio wa kwanza alikuta watu kumi na wanne waliosahauliwa humo ndani, akawafuta mmoja mmoja.

Kisha akaendesha majaribio yote. Mawili yakawa mekundu.

"Umeharibu nini?" aliuliza Bwana Hamzah nyuma ya kiti chake.

"Sijaharibu kitu. Yalikuwa mabovu zamani, nimeacha kuyaficha tu."

Bwana Hamzah aliguna, akasoma tena, akaguna mara ya pili kwa sauti ya mtu aliyeridhika. "Sawa. Yatengeneze yote mawili kabla ya Jumamosi. Wale wakubwa wa mradi kutoka Unguja wameiwahisha safari, wanakuja siku hiyo. Watamchagua mmoja wenu kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wewe ndiye utakayesimama kuwaonesha programu."

Mafunzo hayo Buthaina alikuwa akiyaombea dua tangu Ramadhani.

"Jumamosi nina ahadi na Bi Mwanapili, Kisiwa Panza."

"Mpigie huyo bibi. Nenda Jumapili."

"Kasema hataki simu. Na Jumapili kina mama watakuwa wameshatawanyika na maneno yao."

"Basi atasimama Ridha. Wakimchagua, usije ukanilaumu."

"Sitokulaumu."

Ijumaa, baada ya sala, alikaa na Ridha akamfundisha kila kitu, pamoja na habari ya masufuria. "Wewe mwendawazimu," Ridha alimwambia, "lakini nieleze tena hapa pa kusafisha." Alimweleza tena.

Jumamosi alivuka kutoka Chokocho, viatu mkononi, maana maji yalikuwa yametoka na boti haikuweza kufika ufukweni. Barazani kwa Bi Mwanapili walikuwapo wanawake wapatao thelathini. Alipokuwa akikaribishwa mkekani simu yake ilitetema. Ridha alikuwa ameandika: "Wamenichagua mimi. Nisamehe." Buthaina aliusoma ujumbe, akajibu "Hongera, kwa moyo wangu wote," akaitia simu mkobani.

Akasimama. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema kwamba jina la Bi Mwanapili aliliandika yeye bila kumjua, na kwamba bibi huyu hakuomba kwa mlango wa nyuma, hakuchukua kadi ya mtu, wala hakumdanganya yeyote. Kosa lilikuwa lake yeye, Buthaina.

Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, Bi Saada, aliinua mkono.

"Mwanangu, kuna wawili wamechelewa, ndio kwanza wanavua viatu. Na hao ndio khasa waliokuwa wakisema."

Vicheko vikapita barazani, hata Bi Mwanapili akaufunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Buthaina aliwangoja wale wawili wakae, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.