Damu ya Wanawake wa Kwetu

Dari lilikuwa linashuka, taratibu, bila ugomvi, na mimi niliyelala chini yake sikuwa na habari. Juu ya kichwa changu ulining'inia mfuko wa damu ya mtu nisiyemjua, ikinidondokea tone baada ya tone. Nilijisikia mwepesi, wepesi wa raha kabisa, na kwa mbali nilimsikia mama akibishana na mtu.

"Vidonge vya wake za watu hivyo, daktari! Huyu ni mtoto wa shule."

Hapo ndipo nilipojua kwamba niko hospitali.

Mwaka ule wote niliuishi nusu usingizini. Ngazi za shule nilizipanda nikipumzika njiani, na sauti za walimu zilinifikia zimeshachoka. Nilikuwa na hamu ya chaki. Nilizitafuna kwa siri na kuziona tamu. Wenzangu waliniita Mzimu, kwa weupe wa midomo yangu na kwa kutokea kwangu bila kishindo, nami niliona afadhali utani huo kuliko kuulizwa nina nini. Maana kila mwezi damu ilinijia kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ile ya kuletwa hospitali niliitwa ubaoni, hesabu zikaanza kuogelea, nikakaa sakafuni kuzisubiri zitulie. Sikumbuki zaidi ya hapo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Sketi yangu ya shule aliitia bitana mbili na kitambaa kizito katikati, akaishona kwa utulivu, maana kwetu hilo halikuwa jambo la kushtua. Bibi naye alimshonea yeye vilevile. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyethubutu kuvaa nyeupe. Mama mkubwa alipenda kutuhadithia, huku akicheka mpaka machozi, jinsi alivyoolewa na gauni la zambarau iliyoiva, wakwe wakadhani ni mtindo mpya wa mjini. Tulivunjika mbavu. Nikakua nikiamini kwamba mwanamke ni mtu anayevuja na kunyamaza, basi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani ameipandisha kwenye nywele. Hakupandisha sauti.

"Ni kweli, mama, ni vilevile vya uzazi wa mpango. Lakini kwake kazi yake ni kuizuia damu isimwishe. Haviharibu kizazi."

"Unasema wewe. Akija kuolewa akakosa mtoto, nitamtazama kwa macho gani?"

"Asipotumia, mwezi ujao utamrudisha hapa amebebwa. Na damu ya kumwongezea si kila siku ipo."

Nilimwona mama amekumbatia mkoba wake, na nikaelewa kuwa maisha yangu yalikuwa mikononi mwake, naye alikuwa na hofu kuliko mimi.

"Sisi wote tuko hivi," akasema. "Bibi yake, dada yangu, mimi. Tulikunywa vidonge gani? Si tupo?"

Daktari akaacha kuandika.

"Wote mko vipi, mama?"

Mama akaanza kujibu kwa ukali, kama anayemfundisha mtu mambo yaliyo wazi. Pua za kutoka damu tangu utotoni. Jino lake lililong'olewa, akashinda na kulala anatema damu. Michubuko inayotokea mtu hata hajajigonga. Kisha ukali ukaanza kumwisha.

"Nilipomzaa huyu, waliniona nimeshakwenda. Na mdogo wangu..." Akaukaza mkoba kifuani. "Mdogo wangu alikwenda kweli, siku anajifungua. Tukasema Mungu kapenda."

Sikuwahi kusikia habari za mama mdogo huyo. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa macho kabisa.

"Nashuku damu yenu inachelewa kuganda," daktari akasema polepole. "Ni ugonjwa, mama, tena wa kurithi. Tutaupima. Una jina na una dawa."

Mama alinitazama muda mrefu, akinipima bila futi.

"Mpe," akasema. "Mpe hivyo vidonge."

Daktari alishashika kitasa cha mlango mama aliposema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana.

"Na mimi, daktari? Au nimeshachelewa?"

Yule daktari alirudi, akamvutia kiti, akamwomba apandishe mkono wa gauni. Mama akaupandisha. Aliutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtoto wa mtu, mtoto aliyesahauliwa mahali, kisha akaanza kulia. Nilimpenda mno wakati ule. Nikanyoosha mkono wangu usio na sindano, nikamshika.