Hapa Nyamaza Kidogo

Ofisini walimwita Mama Faili. Watoto wake wawili walikuwa na majina mazuri tu, lakini hakuna aliyejishughulisha kumwita kwa majina hayo. Alikuwa wakili kwa miaka kumi, na kwa miaka kumi watu walimwona akiingia mahakamani na mzigo wa makaratasi kifuani, nyuma ya mwanamume anayetembea mikono mitupu.

Kampuni yao ilikuwa na sharti moja la kumpa mtu ubia: awe ameongoza rufaa. Kuongoza ni kusimama na kusema mbele ya jaji. Kuandika hoja, kufukua hukumu za zamani, kumtuliza mteja, hayo hayakuhesabika. Vijana wa kiume walioajiriwa baada yake walipewa rufaa zao mapema, na watatu sasa ni wabia. Yeye aliambiwa wateja wanapenda sauti nzito. Alipojifungua akaambiwa apumzike kwanza, na mapumziko hayo yakamaliza miaka minne. Mara mbili kura ilipigwa, mara mbili akaambiwa bado. Kura ya tatu ilikuwa siku hiyo saa tisa alasiri, na alishaapa moyoni kwamba wakimnyima tena, anafungasha virago.

Asubuhi hiyo alikuwa mahakamani nyuma ya mkuu wake, ambaye mawakili wote walimwita Bwana Ufasaha. Ufasaha wenyewe ulikuwa wa kuazima. Mama Faili aliandika vikaratasi, akavisukuma mezani kimojakimoja, na bwana mkubwa akavisoma kwa sauti yake nzito bila hata kuonekana anasoma. Walikuwa wamezoeana hivyo mpaka bwana yule akaacha kabisa kufungua faili. Afungue ya nini, wakati maneno yanamfuata alipo?

Mteja wao, mwenye kiwanda cha sabuni, alikuwa ametolewa kwenye ghala alilopanga kabla ya mkataba kwisha, akashindwa mahakama ya chini, na sasa alikuwa amekata rufaa. Jaji alikuwa mzee aliyeandika kila kitu kwa mkono, polepole.

“Mheshimiwa Jaji,” Bwana Ufasaha alinguruma, “notisi ilikuwa ya siku kumi na tisa, wakati mkataba unataka siku tisini. Hapa nyamaza kidogo, mwache jaji amalize kuandika.”

Kalamu ya jaji ilisimama. Mama Faili alitamani ardhi ipasuke immeze. Bwana Ufasaha aligeuza kikaratasi akaangalia nyuma, kama vile utetezi wake umeandikwa huko, na wakili wa upande wa pili akaziba mdomo kwa joho.

“Nimemaliza kuandika,” jaji alisema. “Karatasi hiyo kaandika nani?”

“Mwenzangu hapa, Mheshimiwa. Ananisaidia tu.”

“Ni wakili?”

“Ni wakili, Mheshimiwa.”

“Basi aendelee yeye. Wewe kaa.”

Mama Faili alisimama. Sentensi ya kwanza ilitoka nyembamba. Kisha jaji akamuuliza kifungu cha mkataba, naye akakitaja bila kufungua kitu, na kuanzia hapo hofu ikamwachia. Nani angeijua kesi ile kuliko yeye? Alisema kwa saa nzima. Mwenye sabuni, aliyewahi kusema hadharani kwamba hataki kutetewa na mwanamke, alitikisa kichwa kukubali kila hoja. Jaji akaikubali rufaa palepale.

Kwenye korido Bwana Ufasaha alimvuta pembeni.

“Sikiliza mama, saa tisa wakiuliza, tuseme tumeongoza pamoja. Si unajua mambo ya ofisi yetu.”

“Mimi nitasema nilichofanya, bosi,” alijibu. “Na wewe sema chako.”

Alishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake.

Saa tisa aliingia kwenye chumba cha mikutano na hoja saba kichwani. Wabia walikuwa tisa, Bwana Ufasaha akiwamo, na mwanamke mmoja tu. Mwenyekiti hakuzunguka.

“Kazi yako tunaipenda. Lakini tatizo ni lilelile, hujaongoza rufaa.”

Alipofungua mdomo, Bwana Ufasaha alimwahi.

“Ya leo kaongoza yeye, na kashinda,” alisema. Akafuta uso kwa leso. “Na zile mlizokuwa mnanipongeza mimi miaka yote hii, ni zake. Mimi nilikuwa mdomo tu. Kusema kweli, kila nikisimama nilikuwa natetemeka, nikisubiri siku mtakayojua.”

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, na alionekana kufurahi kuliko mtu yeyote mle ndani. Mwenyekiti aliwatazama wenzake, kisha akawa wa kwanza kuinua mkono. Ikainuka mingine, mpaka yote tisa. Zile hoja saba Mama Faili hakutumia hata moja.

Alishuka ngazi hadi chini, akampigia mama yake simu. Machozi yalimtoka akashindwa kusema.

“Wamekunyima tena, mwanangu?”

“Wamenipa, mama. Wamenipa!”

Upande wa pili mtu akapenga kamasi.

“Kwa hiyo sasa utakuwa unasimama mwenyewe?”

“Nasimama mwenyewe.”

“Haya,” mama yake alisema. “Lakini leo kaa kwanza, mwanangu, umechoka.”

Akaketi palepale kwenye ngazi, akavua viatu.