Simu ya Kibarazani

Mume wangu ana duka, na mimi nina mume, kwa hiyo watu husema nina duka. Siku hizi nawajibu walichukue tu, rafu zote pamoja na mende wake.

Mkoa wetu ukiutazama kwenye ramani unajaza ukuta, lakini watu wake ni wa kuhesabu. Basi hupita mara mbili kwa wiki, likipenda. Benki imefunga tawi lake, sekondari imehamishiwa mji mwingine, na kwenye barabara yetu ukitaka kugombana na jirani itabidi kwanza umtafute. Watoto wetu wakubwa waliondoka mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, kana kwamba haya tunayoishi sisi ni kitu kingine. Akabaki binti yetu, kitinda mimba. Huyo nilimng'ang'ania. Nilimwambia mchana kweupe kwamba na yeye akiondoka, nitanuna mpaka siku ya kuzikwa.

Ndipo wakaja maofisa wa mkoa na mpango wao. Kazi, walisema, haina haja tena ya kufuatwa mijini. Itawafuata vijana nyumbani kwa intaneti. Vijana watabaki, mishahara itabaki, mji utafufuka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka moto. Binti yetu alifanyiwa usaili, akapita, akapata kampuni moja inayouza bidhaa mtandaoni; kazi yake kupokea simu za wateja. Intaneti ilishika vizuri stoo tu, nyuma ya duka, basi baba yake akahamisha magunia, akapaka chokaa, akampigilia meza. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akimtazama binti yake na vile vidude vyake vya masikioni, kisha akatoka anafuta macho na kusingizia vumbi.

Kumbe tulikuwa tunafurahia msiba. Kampuni ile iliuza sabuni, betri, daftari, sufuria, yale yale ya mume wangu, kwa bei ambayo yeye hapewi hata akimpigia magoti mwenye kiwanda. Lori lao likaanza kuja kila Alhamisi. Majirani wakajifunza kupita upande wa pili wa barabara na maboksi yao. Fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, alilifunika boksi lake kwa shuka akalipakata. Mume wangu akamsalimia na kumuuliza hali ya mtoto. Siku ile tulicheka. Baadaye hatukucheka tena, kwa sababu fundi hakurudi dukani hata kununua uzi.

Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Mshahara wa binti ndio uliolipa umeme na dawa za presha za baba yake, sasa baba angefungua mdomo aseme nini? Kila jioni walikaa meza moja, huyu aliyekimbiwa na wateja na huyu aliyewapokea, wakizungumzia mvua. Mimi niliwachokoza, nikawatania, wapi. Nilikuwa na hasira kubwa na sikuwa na wa kumshushia.

Mume wangu hakuthubutu kumwomba binti amsemee kwa wakubwa wake. Simu zote zilirekodiwa, na mhudumu akigundulika anamsaidia ndugu yake, kazi hana. Mwenzake wa mji wa jirani alifukuzwa kwa kumharakishia mjomba wake mzigo.

Basi asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa kati ya duka na stoo, nachambua maharage. Binti alikuwa nyuma yangu kwenye kompyuta yake. Mume wangu akachukua simu, akatoka kibarazani. Nikajua ana jambo, maana huyu mtu siku zote hupigia simu pale pale kaunta, tena kwa kelele. Kupitia dirisha lililokuwa wazi nilimwona akivaa miwani, akibonyeza namba, akiweka sawa ukosi wa shati.

Stoo, kompyuta ikalia.

"Karibu huduma kwa wateja," binti yetu akasema kwa sauti yake ya kazi, laini, kama si yeye aliyenifokea kuhusu chai saa moja kabla. "Nikusaidie nini?"

Nje, mume wangu akaishusha simu kutoka sikioni, akaitazama.

Wahudumu wa mkoa huu hawafiki hata kumi, na simu za mkoa hupelekwa kwao. Alikuwa ametoka ili binti yake asimsikie, na simu imempeleka moja kwa moja kwake. Nilidhani atakata. Akairudisha sikioni.

"Habari za kazi, dada."

Tangu amzae hajawahi kumwita dada. Humwita mama.

Mgongo wa binti ukakakamaa. "Nzuri, mzee. Nikusaidie nini?"

"Nina duka hapa. La zamani, ila halivuji. Nasikia kampuni yenu inaweka mawakala, watu wanakwenda kuchukulia mizigo yao kwao. Mimi nafungua mapema, nafunga nimechelewa, na hakuna niliyemdhulumu. Mkinipa uwakala, watu wataingia tena. Mtu akifuata mzigo wake, atakumbuka na kiberiti."

Moyo uliniuma, siwezi kusema vingine. Maneno yale alikuwa nayo miezi yote ile ya kuzungumzia mvua. Alikuwa anamwomba mwanawe, na ili asimponze ilibidi amwombe kama mtu baki.

Binti akabonyeza bonyeza. "Nimeliangalia eneo lako, mzee." Akasogea karibu na kioo. "Samahani. Wakala anawekwa mahali penye wateja wa kutosha. Hapo kwako hawajatimia."

"Dada, watu wote wa hapa wananunua kwenu. Wote! Sasa waongezeke kutoka wapi? Tuzae tena? Mimi na mke wangu tumeshachoka."

Binti akacheka puani, halafu akavuta kamasi. "Nakuelewa, mzee. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

"Lipo." Mume wangu aliishika nguzo ya kibaraza. "Nyinyi mnaohudumia mkoa huu, kazi yenu ni ya uhakika? Niambie hilo tu. Nikijua nyinyi mpo, duka nalifunga leo na sitakuwa na kinyongo na mtu."

Binti akafungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta. Mimi niliacha kuchambua.

"Mzee, lipo tangazo. Tumeambiwa kuanzia leo tumsomee kila mteja." Akaanza kusoma, na sauti ya kazi ikamponyoka. "Kuanzia mwezi ujao, wateja wa mkoa wako watahudumiwa kutoka makao makuu. Wahudumu waliopo mkoani watahamia huko, au wataacha kazi."

"Kisa?"

"Wateja ni wachache, mzee."

"Na wewe, dada? Utahama?"

"Wametutaka tujibu tangu juzi." Alikuwa ameinamia meza. "Nimeshawajibu ndiyo."

Tangu juzi. Alikula nasi juzi, akala nasi jana, na hakusema. Nilitaka kupiga yowe, nimshike mabega, nimuulize ananiachia nani. Lakini kidude chekundu cha kurekodi kilikuwa kinawaka, na akifukuzwa leo hata hiyo ya kuhamia ataikosa. Nikajiziba mdomo kwa kiganja.

"Ukifika huko ule vizuri, dada," mume wangu akasema kule nje. "Asante kwa huduma."

"Asante kwa kutupigia, mzee."

Simu ilikatika, ila mume wangu hakuitoa sikioni. Binti akageuka, akaniona, akafungua mdomo. Kompyuta ikalia. Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akageukia meza.

"Karibu huduma kwa wateja," akasema, laini kabisa. "Kabla sijakuhudumia, naomba nikusomee tangazo."