Mji Aliousimulia Émile

Émile aliporudi kutoka vitani, watu wa kitongoji chake walitarajia habari za mizinga. Yeye aliwapa habari za mji.

Alikuwa amehudumu Burma kama muuguzi katika hospitali ya jeshi. Hakuwahi kufyatua bunduki. Alichokiona kwa wingi ni vidonda, na katika mwaka wa mwisho wa vita alikabidhiwa kidonda cha adui: mateka wa Kijapani aliyevunjika nyonga, jina lake Shigeo. Mateka huyo alilala wodini muda mrefu hata akaokota Kiswahili kidogo kutoka kwa wauguzi. Pale Kiswahili kilipomwishia, aliomba kipande cha mkaa akachora juu ya mbao za masanduku ya dawa. Kila siku alichora kitu kilekile. Alichora mji wa kwao.

Mji huo ulikaa baina ya mlima na bahari. Juu, mashamba ya mpunga yalishuka kama ngazi, kila ngazi na maji yake. Chini ya mpunga palilimwa vitunguu, na figili nyeupe nene kama mkono wa mtu mzima. Chini kabisa palikuwa na bandari ndogo iliyojaa mashua. Watu wa pale hawakugawanyika kuwa wakulima na wavuvi. Aliyepalilia asubuhi ndiye aliyeshona nyavu jioni. Wanawake walianika dagaa juu ya vichanja vya mianzi mpaka mtaa mzima ukanuka chumvi, na vichwa vya samaki vilirudishwa shambani kuwa mbolea. Mgeni mkubwa akifika, hakuna aliyemuuliza habari kabla ya kumwekea samaki mbele yake. Katikati ya mashamba palikuwa na makaburi ya wazee, yakitazama maji, na hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuwaambia wenye makaburi wahame.

Shigeo alikufa kabla ya kupatikana meli ya kumrudisha. Émile ndiye aliyemfunika uso.

Kwa miaka mingi baadaye, katika kitongoji chao kilichojificha msituni, nusu siku kwa miguu kutoka kijiji cha Mpofi kilicho barabarani, Émile aliusimulia mji ule. Watu walimcheka, lakini walimwomba aendelee. Jirani yake Séraphin, mwindaji mwenye mdomo usiotulia, ndiye aliyempa jina la Papa Japoni, yaani Baba wa Kijapani.

"Papa Japoni, bantu ya kule banakula figili kubwa vile, na tumbo yao inabakia ndogo?"

"Bako bantu kama siye, Séraphin. Banalima, banavua."

"Kama bako kama siye, njo kusema kule pia kuko kapita, musimamizi wa kubapiga fimbo ya kodi."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Elisabeth, mke wa Émile, alicheka pia, lakini ni yeye aliyezikariri hadithi zile kuliko mtu yeyote. Alipokuwa akimenya ndizi aliwasimulia wenzake habari za vichanja vya dagaa kana kwamba amevipita jana.

Kisha ikaja amri ya kuhama. Serikali, ambayo wote waliiita Leta, ilitaka vitongoji vyote vilivyotawanyika msituni vivutwe mpaka kando ya barabara. Huko watu wangehesabiwa kwa urahisi, wangechanjwa, wangelipa kodi, na wangekuwa karibu na majembe ya kutengenezea barabara yenyewe. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Émile aliwaona: nyumba zimepangwa mstari mmoja kama askari, maji yako mbali, na migomba haijaota.

Mama yake, Hélène, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Mumewe Athanase alikuwa amezikwa kwenye kilima kidogo juu ya kijito, na wazazi wa Athanase vilevile.

"Mimi sitoke hapa," alisema. "Bakinitoa, banitoe pamoja naye."

Émile hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Alikwenda Mpofi siku agronomu, mtaalamu wa kilimo wa Leta, alipopita, akasimama mbele yake katika koti lake la jeshi, akasema kwa Kifaransa cha wodini kwamba kijito chao kinafaa kwa bwawa la samaki, na bwawa likikaushwa kwa zamu linafaa kwa mpunga. Agronomu, Mbelgiji kijana ambaye wakubwa wake walikuwa wakimdai mabwawa, alimsikiliza kwa makini kuliko Émile alivyotumaini. Alitoa ahadi. Kitongoji chenye bwawa hai hakiwezi kuhamishwa mbali na bwawa lake. Yeye mwenyewe angekuja katika kiangazi cha mwaka unaofuata. Akilikuta bwawa lina samaki wanaozaana, angeandika kwa mkuu wake kwamba wabaki. Asipolikuta, wangehama kabla ya mvua.

Walichimba msimu mzima. Wanaume walikata mizizi, wanawake walibeba udongo wa ukuta kwa vikapu mgongoni, kamba za vikapu zikiwakaza paji la uso. Séraphin alichimba huku akitukana, lakini alichimba. Vifaranga vya samaki vililetwa na Kanyamibwa, moniteri wa kilimo, msaidizi wa agronomu, mtu wa Kirolirwe kule Masisi, aliyefika akiwa amechoka, debe la maji likiwa kichwani mwa mpagazi.

"Kwetu Kirolirwe tunachunga ngombe," alimwambia Émile, akivua viatu vyake vilivyolowa. "Leo njo minachunga samaki. Baba yangu akisikia, atalia."

"Ngombe yako inatoka mu zizi. Hii haitoke."

"Haitoke kama haukuitoa. Sikia, Papa Émile: hakuna kuvua. Ile kubwa njo mama ya ile kidogo. Agronomu anapenda kuona maji inachemuka na samaki."

Émile alilitangaza katazo lile kwa sauti kubwa: hakuna kuvua, si kwa ndoana, si kwa mtego. Watu walilishika. Hata mwezi nyama ilipoadimika hakuna aliyegusa bwawa. Samaki walikua. Asubuhi, Émile alipotupa majani ya mihogo yaliyokatwakatwa, uso wa maji ulichafuka kwa midomo. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika siku hizo, kwa mara ya kwanza tangu amri ije, Hélène alipanda viazi vitamu vipya nyuma ya nyumba.

Jambo moja Émile hakulieleza, kwa sababu kwake lilikuwa wazi kama mchana. Hakuwaambia wanawake kwamba agronomu anakuja kuwatazama samaki, wala si kuwala.

Kiangazi kilipofika, mjumbe alileta habari kwamba mgeni yuko njiani. Émile aliondoka siku ile ile kwenda Mpofi kumpokea, kwa kuwa njia ya msituni haikuwa na alama na mzungu asingeifuata peke yake. Alilala Mpofi. Kesho yake walianza safari: Émile mbele, agronomu nyuma yake, Kanyamibwa nyuma ya agronomu, wapagazi mwishoni. Agronomu alikuwa na furaha. Aliuliza kina cha bwawa, aliuliza lishe, na Émile alijibu bila kusita. Aliuliza wazo hilo lilitoka wapi. Émile alisema lilitoka kwa mgonjwa.

Walipokaribia kijito, Émile alisikia kuimba. Sauti za wanawake zilipanda na kushuka pamoja, nyepesi, za kazi. Moyo wake ulifurahi kwa hatua chache. Kisha akautambua wimbo wenyewe, akasimama.

Ulikuwa wimbo wa kutoa maji kijitoni. Tangu zamani wanawake wa msitu ule huvua wakati wa kiangazi, kijito kinapopungua. Hukiziba kwa udongo na majani, hujipanga mstari, hutupa maji nje kwa vibuyu na vikapu mpaka matope yabaki matupu, na huokota kila chenye uhai humo, mkubwa na mdogo. Kumwacha samaki topeni huhesabiwa uvivu. Kazi hiyo si ya wanaume, na mwanamume hafiki pale mpaka aitwe.

Émile alikimbia. Alipotokea ukutani, bwawa halikuwapo. Palikuwa na shimo jeusi linalong'aa, na ndani yake wanawake wote wa kitongoji, matope mpaka mapajani, wakichekeana. Mfereji wa kuingizia maji ulikuwa umezibwa vizuri sana. Ukuta ulikuwa umekatwa mahali pamoja, kwa ustadi, ili maji yatoke haraka.

Elisabeth alimwona akanyanyua mikono yake miwili iliyojaa matope.

"Mushafika! Papa Émile, twende mbio, muzungu asikute tuko bachafu! Angalia namna tulipata mingi!"

Kando, juu ya makaa, samaki walikuwa wamefungwa katika majani, mafurushi kwa mafurushi, na wengine wamepangwa juu ya kichanja cha mianzi. Kichanja hicho hakikuwa cha kwao. Wao hukausha samaki kwa moshi, juu ya meko ya nyumbani. Elisabeth alikuwa amekijenga kwa kufuata hadithi.

"Nani alisema muvue?" aliuliza Émile.

"Nani angesema? Mugeni anakuja kwa ajili ya samaki. Tungemuonyesha maji?" Elisabeth alikuwa bado anacheka. "Weye njo ulisema, kule mugeni anawekewa samaki mbele ya kumuuliza habari. Tulikuwa tunakataza bantu kula mwaka muzima juu ya siku ya leo."

Hélène, ameketi juu ya gogo, alikuwa akifunga furushi kubwa kuliko yote kwa kamba ya mgomba. Ndani yake alikuwa ameweka mama samaki, na mayai yake.

"Hii ni ya muzungu," alisema. "Mumuite."

Agronomu alikuwa amekwisha kufika. Alisimama ukutani akatazama shimo, kisha makaa, kisha shimo tena. Hakupiga kelele. Émile angependelea apige kelele. Alimuuliza Kanyamibwa kitu kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, na Kanyamibwa akajibu maneno mengi, akionyesha kwa mkono wanawake, kijito, majani. Agronomu alitikisa kichwa taratibu. Alisema kwamba anaelewa. Alisema pia kwamba watu ambao hawawezi kuacha samaki majini kwa mwaka mmoja hawawezi kupewa bwawa la pili.

"Waliwaacha mwaka mmoja," alisema Émile.

Agronomu alimtazama kama mtu anayetaka kukubali. Kisha akageuka kuwatafuta wapagazi wake.

Hélène alikuja na furushi kwenye jani safi, mikono miwili, amepiga goti kidogo. Agronomu alimshukuru akasema tumbo lake haliko sawa. Elisabeth aliacha kucheka. Alianza kutazama uso wa mumewe, na Émile akajua kwamba akiuacha uso huo useme, mkewe hatausahau maisha yake yote. Akalipokea furushi mkononi mwa mama yake, akaketi chini, akalifungua, akala. Séraphin, aliyekuja mbio kutoka msituni, alitazama, akaelewa, akaketi kando yake na kula pia. Samaki alikuwa na ladha nzuri. Walimla mpaka mifupa.

Kabla ya kuondoka, Kanyamibwa alimvuta Émile nyuma ya mgomba.

"Kaka, sikia. Vigingi vya nyumba zenu vishapigwa kule barabarani. Toka mwezi wa pili. Mimi mwenyewe nilibeba kamba ya kupimia."

"Njo kusema, bwawa haikukuwa na kazi?"

"Agronomu angeandika. Mukubwa wake, nani anajua kama angesoma?"

"Unaniambia ukweli, ao unanihurumia?"

Kanyamibwa alifunga viatu vyake, akafuata msafara.

Walihama kabla ya mvua. Askari wawili walikuja, lakini hawakuwa na kazi ya kufanya, maana watu walibomoa nyumba zao wenyewe na kubeba miti iliyo bado imara. Hélène hakusema tena kwamba hatoki. Alitembea mbele, bila mzigo, akikataa kushikwa mkono.

Njiani Elisabeth alisogea karibu na mumewe. Tangu siku ile alikuwa amezungumza naye kwa mambo ya chumvi na kuni tu.

"Bantu banasema ni juu ya samaki."

"Hapana," alisema Émile. "Vigingi vilikuwa vishapigwa. Moniteri aliniambia. Walikata shauri zamani."

"Mbele ya sisi kuvua?"

"Mbele sana."

Elisabeth aliiweka sawa miti ya nyumba yake kichwani.

"Unasema vile kwa sababu minakuwa bibi yako," alisema.

Émile alirudia kwamba ni kweli. Aliirudia kwa upole, akaapa kwa jina la baba yake, akataja vigingi na kamba. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mkewe alivyozidi kutazama chini. Mwishowe Émile akaacha kueleza, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kama ni kweli, na mbele yao, katika uwazi wa barabara, vigingi vilikuwa vimeanza kuonekana, vyeupe, katika mstari mmoja, navyo havikusema vilipigwa lini.