Ndege ya Salim

Bi Safa alifariki alfajiri, na kabla jua halijapanda mwanawe Salim alikuwa amepiga simu kutoka Toronto.

"Msimzike mama bila mimi," alisema. "Nimeangalia kwenye mtandao. Kutoka huku mpaka Kisumu ni saa kumi na tano tu. Niko njiani."

Mzee Ridhwan akakubali. Salim ndiye kifungua mimba wake, na neno lake lilikuwa na uzito hata akiwa ng'ambo. Rehma, binti aliyemuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho, alikwenda kuchota maji ya kuoshea. Yeye na shangazi zake walimwosha marehemu, wakamvisha sanda, wakamlaza chumbani na feni ikimpepea. Majirani wa mtaa wa Kondele walijaa uani. Sheikh alikuja kuuliza maziko ni lini, akarudi tena kuuliza, akaondoka akitikisa kichwa. Siku ikaisha.

Kesho yake, joto lilipoanza kupanda, Rehma akampigia kaka yake.

"Umefika Nairobi?"

"Bado kidogo."

"Uko wapi?"

 Nyuma ya sauti ya Salim, Rehma alisikia televisheni, na mtoto akililia maziwa.

"Uko nyumbani kwako, Salim."

"Nisikilize, dada. Zile saa ni kama ndege ingenyoosha moja kwa moja, na ndege ya hivyo hakuna. Niliyopata inaondoka leo jioni, nalala Istanbul, ndipo nije Nairobi, ndipo Kisumu. Ningewaambia ukweli mngemzika."

"Ndiyo. Tungemzika."

Akakata simu. Akamwendea baba yake.

"Baba, Salim hajatoka hata mlangoni kwake. Ametudanganya, na sisi tumemweka mama kwenye joto kama mzigo usio na mwenyewe."

"Ni mtoto wake, Rehma."

"Na mimi ni nani? Ukitaka kumngoja, ingia chumbani ukae naye wewe."

Mzee aliingia. Hakukaa. Alitoka na kitambaa puani, macho mekundu, akaagiza sheikh aitwe. Adhuhuri ile wanaume wakalibeba jeneza.

Salim alipotua Kisumu, mama yake alikuwa na siku mbili kaburini. Rehma alitumwa kumpokea uwanja wa ndege.

"Mmenifanyia unyama," Salim alisema, hata salamu hakutoa. "Mnajua nimetoka mbali kiasi gani?"

"Miaka tisa mama alikuwa akiuliza utakuja lini. Njia ilikuwa ndefu hivihivi, na ndege zilikuwa zikiruka. Mbona hukuangalia kwenye mtandao ni safari ya saa ngapi?"

 Machozi yalimtoka Salim palepale mbele ya wapita njia. Rehma hakumshika bega.

Walipofika nyumbani na Salim akaomba kuonyeshwa kaburi, Rehma alimwita Wepukhulu, jirani mwenye bodaboda, ampeleke. Yeye alibaki uani akichambua mchele wa hitima, akiokota mawe na kuyatupa ukutani moja baada ya jingine.