Sabuni Iwe Nanyi
Tulisafiri mpaka nchi ya watu kuangalia kama tungeweza kuhamia kanisa lililomwita mume wangu awe mchungaji wao. Mimi kimoyomoyo nilishakataa.

Jumapili akapanda madhabahuni na salamu moja aliyoikariri wiki nzima kwa lugha ya wenyeji. Ulimi ukamteleza. Badala ya "Amani iwe nanyi," akasema, "Sabuni iwe nanyi." Kanisa likavunjika mbavu, mzee wa kanisa alicheka mpaka akavua miwani.

Asubuhi yake, mlangoni pa chumba chetu cha wageni, tukakuta sabuni thelathini na mbili zimepangwa vizuri.

"Mama watoto, unasemaje?" akaniuliza.

"Nisemeje? Haziingii kwenye sanduku. Itabidi tuzimalizie hapahapa."